Guka, Gura na Nzi wa Manyoya

Trauti wa kwanza wa Mto Gura alipanda mlima akiwa bado yai. Ilikuwa mwaka 1905. Mayai yenyewe yalitoka Loch Leven, ziwa la Uskoti lililosifika kwa trauti wake wa kahawia, na aliyeyaagiza ni Ewart Grogan, mlowezi aliyekuwa amekwisha kujipatia jina kwa safari yake ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Kairo. Yalipita baharini hadi Mombasa, yakapakiwa kwenye garimoshi la Reli ya Uganda, kisha yakabebwa na wapagazi hadi kwenye baridi ya milima ambayo Waingereza waliiita Aberdare na sisi tunaiita Nyandarua.

Yai la trauti halisafiri ovyo. Husubiriwa mpaka macho mawili meusi ya kitoto kilichomo yaonekane kupitia ganda, na hapo ndipo linapoweza kutolewa majini, likalazwa juu ya kuvumwani mbichi na kuwekewa barafu. Baridi humchelewesha aliye ndani. Joto likipanda, anatotoka njiani mahali pasipo na maji, na safari inaishia hapo. Waingereza walikuwa wamejifunza hesabu hii tangu 1864, mayai yalipokaa karibu miezi mitatu melini, katikati ya barafu, yakafika Tasmania na kutotolewa huko. Tangu wakati huo, kila walipotwaa nchi yenye milima na maji baridi, hawakutulia mpaka trauti wafike: New Zealand, Afrika Kusini, Kashmir, na hatimaye kwetu Nyeri.

Mimi ni mzaliwa wa Tetu, upande wa juu, ambako sauti ya Gura husikika usiku mbwa wakinyamaza. Husemwa kuwa ndio mto wenye kasi kuliko yote Kenya, na sijakutana na mtu wa Othaya au Tetu anayelibishia hilo. Guka, yaani babu yangu, alilipwa kumlinda samaki huyu. Mimi niliwalipia karo watoto wangu kwa kumfungia chakula cha uongo. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumla mpaka juzijuzi. Kwa hiyo niliposoma makala za wavuvi wa kizungu kuhusu historia ya trauti wa Kenya, nikakuta majina ya makapteni, mabwana na mabibi tupu, niliona kuna upande mzima wa mto ambao haujaandikwa.

Kwanza nieleze jambo ambalo msomaji wa pwani au wa Kisumu huenda likamshangaza. Wagikuyu wa zamani hawakula samaki. Hawakukatazwa na dini ya mtu yeyote; samaki hakuhesabiwa tu kuwa chakula. Cucu, yaani nyanya yangu, alimweka kapu moja na nyoka, na alipoona magamba alitema mate pembeni. Isitoshe, mito ya juu milimani haikuwa na samaki wa kusema. Ilikuwa na kaa wadogo, viluwiluwi, na wadudu wa chini ya mawe. Mlowezi akatazama maji yale, meupe, ya baridi, yanayoruka juu ya miamba, akaona Uskoti imesahauliwa kuwekwa samaki wake. Akaweka. Hakumuuliza mtu, na hata angeuliza, wazee wangecheka: samaki wa nini?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu aliwala kaa, akawala wadudu, akanenepa, akazaana. Mwaka 1910 akaletewa binamu yake, trauti wa upinde wa mvua, kutoka Afrika Kusini. Huyu wa pili asili yake ni mito ya Amerika ya Kaskazini inayomwagika katika Bahari ya Pasifiki. Naye alikuwa ameshazungushwa mabara kadhaa kabla ya kutupwa katika maji yetu. Ana mstari wa waridi ubavuni, anakua haraka, na anavumilia joto zaidi kidogo kuliko wa kahawia. Ndiye aliyetawala mito mingi ya Mlima Kenya: Thego, Ragati, Naro Moru, Burguret, Nanyuki.

Kuhusu Grogan mwenyewe, wavuvi humkumbuka kwa mayai yale. Sisi tuna kumbukumbu nyingine. Mwezi Machi 1907, miaka miwili baada ya kupanda samaki Gura, aliwachapa viboko hadharani Wagikuyu watatu, wavuta rikisho, mbele ya mahakama ya Nairobi, umati wa walowezi ukitazama. Alifungwa mwezi mmoja, na hata kifungo hicho walowezi wenzake walikiona dhuluma. Ninayataja mawili haya pamoja kwa sababu yalifanywa na mkono mmoja. Mtu aliyejipa ruhusa ya kuujaza mto samaki alijipa pia ruhusa ya kuwachapa watu wa mto huo, na zote mbili alizipata kwa kutomuuliza mtu.

Basi samaki akaongezeka, na pamoja naye zikaja sheria. Kuvua kulihitaji leseni. Uvuaji wenyewe ulikuwa wa namna moja tu iliyohesabiwa kuwa ya kiungwana: ufito mrefu mwembamba, mshipi mzito unaorushwa hewani mbele na nyuma, na mwishoni ndoana ndogo iliyovikwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu. Mgono na mtego wa fito vikawa wizi. Mnyoo kwenye ndoana ukawa aibu. Mtoto wa Tetu aliyeingiza mkono chini ya jiwe akatoka na trauti alikuwa mhalifu, hata kama nyumbani mama yake asingemruhusu kuingia nacho jikoni kitu hicho.

Hapo ndipo guka wangu anapoingia. Idara ya wanyamapori ya serikali ya kikoloni ilikuwa na mzungu aliyesimamia samaki. Hugh Copley ndiye aliyejulikana zaidi kwa cheo hicho, na ndiye aliyeandika kitabu juu ya samaki wa kuvuliwa kwa mchezo Afrika. Lakini Copley mmoja hawezi kusimama kwenye kila daraja. Waliosimama ni Waafrika: askari wa mto. Guka alipewa koti, fimbo yenye alama za kupimia samaki, na kipande cha mto, kutoka ukingo wa msitu kushuka hadi kwenye daraja. Kazi yake ilikuwa kutazama leseni za wazungu kwa heshima na kuvunja mitego ya wavulana bila heshima.

Alikuwa akinisimulia akiwa mzee, amekaa juani, blanketi mabegani. Alijua kila shimo la maji kwa jina alilolipa mwenyewe. Alijua samaki mkubwa analala nyuma ya jiwe gani na anatoka saa ngapi. Bwana akifika na ufito wake kutoka Nairobi, guka ndiye aliyemwonyesha pa kusimama, ndiye aliyevuka maji kwanza kupima kina, ndiye aliyebeba kikapu. Jioni samaki walipigwa picha pamoja na bwana. Nilimuuliza, "Guka, wewe hukuwahi kurusha hata mara moja?" Akasema alirusha, mara nyingi, wakati mabwana wamelala baada ya chakula cha mchana, na kwamba alikuwa hodari kuliko wengi wao. Samaki aliowatoa aliwarudisha majini. Hakuwa na haja nao.

Majirani hawakumpenda kwa kazi ile. Siwalaumu. Alimpeleka mbele ya chifu mtoto wa mtu aliyepakana naye shamba, kwa samaki wawili wasiojaza kiganja, na chuki hiyo niliikuta bado hai nilipokuwa msichana. Yeye mwenyewe hakujitetea kwa maneno mengi. Kodi ya kibanda ilitaka fedha, na mshahara wa mto ulikuwa fedha.

Mwaka 1948 kilianzishwa kituo cha trauti cha Kiganjo, ng'ambo ya mji wa Nyeri kuelekea Mlima Kenya, mwaka uleule ambao kituo cha samaki wa maji ya joto kilianzishwa Sagana. Kuanzia hapo haikulazimu kungoja meli. Jike hukamuliwa mayai kwa mkono, tumbo likipapaswa taratibu kutoka kifuani kuelekea mkiani, dume naye hukamuliwa juu ya mayai hayo, vikachanganywa kwa unyoya, yakaoshwa na kulazwa kwenye sinia ambazo maji ya mto hupita juu yake mchana na usiku. Kila siku mayai yaliyokufa, ambayo hugeuka meupe, huondolewa moja moja kabla ukungu haujaambukiza mengine. Vifaranga hupelekwa mtoni. Ni kazi ya subira na ya vidole vinavyouma kwa baridi, na walioifanya siku zile ni vijana wa Kiganjo na vijiji vya jirani.

Miaka minne baadaye mto wetu wa jirani ulitajwa duniani kote. Binti Elizabeth wa Uingereza na mumewe walikuwa wamepewa na koloni, kama zawadi ya harusi, nyumba ya Sagana Lodge, kando ya mto wa trauti. Mnamo tarehe 6 Februari 1952, baada ya kulala usiku mmoja Treetops, hoteli ya juu ya mti, walikuwa Sagana ilipowafikia habari kwamba mfalme amefariki. Malkia mpya alirudi kwao. Oktoba ya mwaka huohuo ikatangazwa hali ya hatari, na misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikafungwa: aliyeonekana ndani yake aliweza kupigwa risasi. Wanawake wa vijiji vyetu walishurutishwa kuchimba handaki refu kuzunguka ukingo wa msitu ili kuwatenga wapiganaji wa uhuru waliokuwa ndani na chakula. Cucu alichimba. Handaki lile lilipita juu ya njia ambayo guka alipandia kazini, na yeye koti la serikali alilizika shambani, maana wakati ule lilikuwa la hatari mbele ya pande zote mbili. Hakurudi tena mtoni kwa mshahara.

Sasa nije kwenye kazi yangu mimi. Nilishuka Nairobi nikiwa msichana aliyemaliza shule na hana pa kwenda, nikaingizwa na rafiki katika karakana moja eneo la viwanda. Nilikuta meza ndefu, taa za shingo ndefu, na wanawake wengi wameinama. Mbele ya kila mmoja kulikuwa na jiliwa dogo lisilozidi kidole, na kati ya meno ya jiliwa ndoana ndogo kuliko ukucha. Nilidhani ni vipuli. Msimamizi akanionyesha sampuli, akasema hivi ni nzi wa kuvulia, vinaenda Ulaya. Nikamuuliza vinavua nini. Akasema trauti. Nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimekimbia kilometa mia moja na hamsini, na samaki wa guka ananisubiri kwenye meza.

Kumfunga nzi ni hivi. Unabana ndoana. Unazungusha uzi kutoka kwenye jicho la ndoana hadi kwenye mpindo, nyuzi zikilala sambamba bila kupandana. Unafunga mkia, kwa kawaida nyuzi tatu nne za unyoya. Unajenga mwili: manyoya ya sikio la sungura yaliyosokotwa kwenye uzi ulionata nta, au utepe mmoja wa unyoya wa tausi, au uzi wa hariri. Halafu shingo: unyoya wa shingo ya jogoo, unaouzungushia ili nywele zake zisimame pande zote, na hizo ndizo zinazomshikilia nzi juu ya maji. Kichwa unakifunga kwa fundo la kuzungusha, unatia tone la vanishi. Unyoya wa jogoo wetu wa nyumbani haufai, ni laini na mfupi. Wa kufaa unatoka kwa majogoo wanaofugwa Marekani kwa ajili ya manyoya yao. Ndoana zilitoka ng'ambo, manyoya ng'ambo, wanunuzi ng'ambo. Chetu kilikuwa vidole na macho.

Tulilipwa kwa dazeni. Mkia ukizidi urefu kwa upana wa uzi, nzi alirudishwa. Kichwa kikiwa kinene, alirudishwa. Dazeni yenye nzi mmoja aliyekataliwa ilisubiri mpaka afungwe mwingine, na hapo muda ni wako. Macho ya wenzangu kadhaa yaliisha kabla ya miaka hamsini. Hayo yapo katika kazi nyingi za mikono na sitayarefusha, ila niseme hivi: nzi anayeuzwa dukani Uingereza kwa bei ya chai na andazi, aliyemfunga alipata sehemu yake ndogo sana, na hata leo ni hivyo. Karakana za Kenya huuza nzi Uingereza, Marekani na nchi za Skandinavia, na mvuvi akifungua kisanduku chake kando ya mto wa huko huenda anatazama kazi ya Nairobi.

Kazi yenyewe ni ya kale kuliko karakana zetu kwa karne nyingi. Mrumi mmoja, Claudius Aelianus, aliandika yapata mwaka 200 baada ya Kristo kwamba watu wa Makedonia, kwenye mto ulioitwa Astraeus, walivika ndoana sufu nyekundu na manyoya mawili ya shingo ya jogoo, wakawadanganya samaki wenye madoa waliozoea kula mdudu fulani juu ya maji. Hiyo ndiyo habari ya kale inayotajwa na kila mwandishi wa uvuvi huu, na nilipoisoma nilifurahi kwa sababu ndogo: Aelianus hakumtaja mvuvi hata mmoja kwa jina, alitaja sufu na manyoya. Alieleza kazi.

Baadaye ndipo majina yalipoanza. Karibu kila nzi niliyemfunga ana mwenyewe katika vitabu. Adams ni wa Len Halladay wa Michigan, mwaka 1922. Woolly Bugger ni wa Russell Blessing wa Pennsylvania. Na Pheasant Tail, niliyemfunga mara nyingi kuliko mwingine yeyote, ni wa Frank Sawyer, aliyekuwa mlinzi wa mto Avon kule Wiltshire, kusini mwa Uingereza. Sawyer aliutupa uzi kabisa. Alitumia waya mwembamba wa shaba, akauzungusha pamoja na nyuzi za mkia wa ndege wa jamii ya kwale, na waya ule ukafanya mambo mawili kwa mpigo: ulimfunga nzi na ulimpa uzito wa kuzama upesi hadi alipo samaki. Ni akili ya mtu aliyekaa na mto miaka, akalala kifudifudi ukingoni akitazama trauti wanavyokula. Namheshimu sana. Lakini tazama: Sawyer alikuwa mlinzi wa mto, mfanyakazi wa kuajiriwa, kama guka. Mmoja aliandika kitabu kuhusu wadudu wa majini na trauti, kikatoka 1958. Mwingine alijua mashimo ya Gura hivyohivyo, na ujuzi wake ukafa naye chini ya blanketi. Tofauti haikuwa ya akili.

Niliacha karakana macho yalipoanza kunigomea, nikarudi Tetu na jiliwa langu. Mwaka mmoja mtoto wa kaka yangu, ambaye huongoza wageni wavuvi na huniita tata, yaani shangazi, akaniambia mwezi wa Julai, "Tata, wewe umefunga nzi maisha yako yote. Njoo umuone anavyofanya kazi."

Julai kwetu ndiyo baridi yenyewe. Jua halionekani kwa siku kadhaa, ukungu unashuka hadi kwenye mabati, na mvua ya rasharasha huanguka bila kulowesha wala kukoma. Tulipanda kwa lango la Kiandongoro, tukatoka msituni, tukapita mianzi, mpaka kwenye nyika ya juu inayozidi meta 3,000, penye majani magumu yaliyosimama kwa vishungi. Umande ulikuwa umeganda kuwa barafu kwenye vishungi hivyo. Askari wa wanyamapori alitusindikiza na bunduki, kwa sababu nyati hupenda vichaka vya mtoni sawasawa na wavuvi. Nilivaa sweta mbili na koti la mvua, na bado mikono ilikataa kushika uzi. Mtoto akasema tusiharakishe. Asubuhi maji yana baridi ya usiku ndani yake, na trauti, ambaye damu yake hufuata joto la maji, hulala chini nyuma ya mawe bila kutaka kufukuza chochote. Wageni kutoka Ulaya, alisema, hutaka kuanza alfajiri kwa mazoea ya kwao ya kiangazi. Hapa juu katika kipupwe, ngoja saa tano.

Tukangoja, tukanywa chai ya chupa. Ukungu ulipopasuka kidogo tukashuka kwenye shimo la maji lililo chini ya jiwe pana. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, kwa sababu ya majani yaozayo ya nyika, lakini chini ulihesabu kokoto. Nilimfunga kwenye mshipi Pheasant Tail wangu mwenyewe, wa waya wa shaba. Mtoto alinipanga kama guka alivyokuwa akiwapanga mabwana: simama hapa, kivuli chako kisiguse maji, rusha kuelekea juu, mwache nzi ashuke na maji, usimvute. Mto wa juu ni mwembamba. Hakuna haja ya ile mirusho mirefu ya picha. Ni mshipi wa mikono mitatu tu nje ya ufito, na jicho pale mshipi unapoingia majini. Katika baridi samaki hasogei kwa shibiri nzima kumfuata mdudu. Nzi lazima apite mbele ya pua yake, polepole, karibu na sakafu, na akimchukua hutasikia kitu mkononi. Utaona mshipi umesita.

Ulisita. Nilichelewa. Ukasita tena baadaye kwenye shimo la juu yake, nikainua ufito, na kitu kikatetemeka mkononi mwangu ambacho katika miaka yote ya meza sikuwahi kukisikia. Alikuwa mdogo, kama walivyo samaki wa maji ya juu yenye baridi kali na chakula haba. Mgongo wa kahawia, tumbo la siagi, na ubavuni madoa mekundu yaliyozungushiwa duara jeupe. Mtu wa Loch Leven huyo, kizazi cha ngapi sijui, amezaliwa Nyandarua. Nilitazama kinywa chake na jambo la kwanza nililolifanya ni kukagua nzi. Kichwa hakikufunguka. Mkia ulikuwa wa urefu unaofaa.

Tulipata wengine watatu kabla ukungu haujarudi saa nane na kuufunga mto kabisa. Tuliruhusiwa kubaki nao, tukawakaanga jioni kwa chumvi tu. Nyama yake ni nyepesi na tamu, miiba michache. Cucu angetema mate. Mimi nilimaliza wangu na nusu ya wa mtoto.

Kuna watu, na baadhi yao ni wasomi ninaowaheshimu, wasemao trauti aondolewe kwenye mito yetu kwa kuwa ni mgeni wa kikoloni anayekula viumbe vya asili. Hoja yao ina ukweli: kaa na viluwiluwi wa mito ile hawakuumbwa wakimtarajia. Naona asipandwe kamwe kwenye kijito kingine ambacho bado hakina. Kumng'oa Gura baada ya miaka zaidi ya mia moja ni neno la mdomoni tu, halitekelezeki. Na kuna faida moja ya trauti ambayo walowezi hawakuikusudia. Samaki huyu ni shahidi asiyehongeka. Maji yakipita nyuzi 20 za joto anaanza kutaabika. Tope likifunika kokoto mayai yake yanakosa hewa. Pampu za kumwagilia zikikausha mto Februari anakufa waziwazi. Mito kadhaa ya chini ambayo askari kama guka waliilinda, leo trauti hayumo tena. Hakuondolewa na wanamazingira. Aliondolewa na kahawa na mboga zilizolimwa hadi kwenye ukingo, na miti iliyokatwa iliyokuwa ikiyatia maji kivuli. Kule juu, uzio wa umeme wa Rhino Ark, wa karibu kilometa 400, uliokamilika 2009, umesaidia msitu kusimama, na ndiyo sababu niliweza kumpata yule wa madoa mekundu.

Nina ombi moja, na nalielekeza kwa kaunti ya Nyeri, kwa walimu wa historia na kwa wajukuu. Wazee waliokamua mayai Kiganjo bado wapo wachache. Wanawake waliofunga nzi Nairobi katika miaka ya sabini na themanini wamerudi vijijini na miwani minene. Nendeni mkawahoji mwaka huu. Ulizeni majina ya mashimo ya mto, nani alivuka kwanza, nani alifunga nini, na alilipwa ngapi kwa dazeni. Andikeni majina yao kamili.